Njema, Ila Maji Yana Chumvi

Mimi na kisima chetu tumestaafu mwaka mmoja. Mimi nilipewa saa ya ukutani na doti mbili za kanga. Chenyewe kilimwagiwa saruji kooni. Vijana mliobaki kazini kwenye visima vya gesi vya kusini mmeniomba niandike machache kuhusu miaka niliyosoma geji huku kwetu, kaskazini ya Bagamoyo, njia ya kwendea Saadani. Nimekubali, kwa sharti kwamba mtu asiniulize vyeo. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nne na kazi ikabaki ileile: kutazama mshale na kusema ulipo.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vya ngozi, maana mama alisema kazi ya kampuni haiendewi na kandambili. Gari lilituacha barabarani, tukakata mbuga kwa miguu, na ilikuwa masika. Tope jeusi la kule hulijui mpaka likushike. Kiatu cha kushoto kilibaki humo kwanza, cha kulia kikamfuata mwenzake. Nikajitambulisha kwa mkuu wangu nikiwa pekupeku. Aliitwa Fundi Mbwana, Mzigua wa hukohuko, mfupi, mwenye sauti ndogo ya mtu aliye msikitini, na mitambo ya gesi alikuwa ameishika tangu ujana wake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mwanahawa."

"Mwanahawa, viatu viko wapi?"

"Njiani."

"Vizuri. Sasa unaijua njia."

Mimi nilidhani kisima cha gesi ni shimo, utachungulia uone kitu. Nikaonyeshwa bomba nene lililosimama wima, refu kuliko mtu, limejaa vali kila upande. Wanaouza mitambo hiyo huiita mti wa Krismasi. Fundi Mbwana, ambaye sikuwahi kumwona akikosa swala, aliuita mnazi, na sote tukauita mnazi mpaka siku ya mwisho. Kuna mgeni mmoja kutoka makao makuu alizunguka uwanja mzima akiutafuta huo mnazi tuliomwandikia kwenye ripoti.

Somo la kwanza lilikuwa kusoma geji. Nilitazama kioo, nikaona mshale, nikataja namba. Fundi akatikisa kichwa. Akakigonga kioo kwa ukucha, mara moja, taratibu, akasubiri, mshale ukajitikisa na kuteremka kidogo. "Mshale nao huchoka, hulala mahali," akasema. "Usimsemee aliyelala." Akanirudisha mara kumi. Gonga, subiri, soma. Nimefanya hivyo kila siku ya kazi, na nyumbani mpaka leo naigonga ile saa ya ukutani kabla ya kuitazama. Mume wangu ameacha kucheka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Spana kubwa mbili, geji ya akiba kwenye boksi lake, daftari lenye jalada gumu, na ndoo ya maji ya sabuni. Hiyo ndoo vijana mnaidharau kwa kuwa mna vimashine vinavyolia. Sisi tulichovya brashi ya kumbi la nazi kwenye povu, tukapaka kila kiungo cha bomba, na palipotoka mapovu ndipo gesi ilipovuja. Adui wa njia hii alikuwa tumbili. Walipenda sabuni ya mche kupita kiasi. Mmoja aliiba mche mzima, akautafuna juu ya paa la kibanda, akatoka povu mdomoni, na mlinzi wetu akakimbia mpaka kijijini kutangaza kichaa cha wanyama. Tulipoteza siku nzima kuwatuliza wazee.

Katika mambo aliyonifundisha Fundi Mbwana, moja sikulitilia maanani mapema. Alikuwa akilirudia kila tunapokula chakula cha mchana, huku anamenya ndizi. "Kisima hiki hakizai," anasema. "Mbuzi anazaa, mnazi wa kweli unazaa. Hiki ni chupa ya soda iliyotikiswa. Mwanzo inatoka yenyewe kwa nguvu, watu wanashangilia, halafu kishindo kinapungua. Na aliyeijaza alichukua muda ambao mimi na wewe hatuwezi kuutaja." Nilikuwa nimeajiriwa mwaka huohuo. Nikamjibu kwamba haitakwisha sisi tukiwa hai. Akaendelea na ndizi yake.

Akanipa na alama ya kuangalia. Gesi hutoka ardhini ikiwa na maji kidogo, na sisi tuliyatenga kwenye tangi dogo pembeni. Miaka yote maji hayo yalikuwa hayana ladha, kama ya mvua. "Siku yakiwa ya chumvi," alisema, "ujue gesi imesogea juu na maji ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake. Hapo tumefika kwenye masimbi, yale mashapo ya chini ya chungu." Alikuwa akiyaonja kwa ncha ya ulimi kila Jumatatu. Nyinyi msionje. Siku hizi kuna kipimo, na ulimi wa Fundi haukuwa wa kuigwa, alikuwa akila pilipili mbichi kama karanga.

Fundi akastaafu, na miaka mitatu baadaye tukamzika kijijini kwao. Nikabaki na geji, ndoo na kazi ya simu ya asubuhi. Hapa ndipo pana kosa ninalotaka mlijue, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kila siku saa mbili kamili nilimpigia karani wa makao makuu Dar, Bwana Shomari. Mtu wa Pangani, mstaarabu kupindukia. Hata leo simsemi vibaya. Simu ilikwenda hivi:

"Asalaam aleikum, Bi Mwanahawa."

"Waaleikum salaam, Bwana Shomari."

"Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Watoto, mzee, wote hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na kisima, habari zake?"

"Njema, ila presha imeshuka kidogo."

"Tumshukuru Mungu. Haya, nipe namba."

Nampa namba, anaziandika, tunaagana. Sasa nyinyi mliokulia Pwani mnajua kwamba kwetu habari huwa njema kwanza. Mtu anaweza kuwa na maiti ndani, ukimuuliza habari za nyumbani atasema njema, ila tumefiwa. Si uongo huo. Ni kumpa mwenzio nafasi ya kukaa. Uzito wote uko kwenye ila.

Mshale uliendelea kuteremka, polepole kiasi kwamba mtu akiutazama leo na kesho haoni kitu. Niliona kwa sababu nilikuwa na daftari la miaka yote. Kisha Jumatatu moja nikachovya kidole kwenye maji ya tangi, nikaonja, nikatema. Nikaonja tena, maana sikutaka kuamini. Chumvi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamkumbuka Fundi Mbwana mpaka machozi yakanitoka, na baada ya hapo sikuweza tena kujua chumvi ni ya nani.

Asubuhi iliyofuata nikasema kwenye simu: "Njema, ila maji yana chumvi."

"Tumshukuru Mungu," akasema Bwana Shomari. "Nipe namba."

Nikasema hivyo kila siku, zaidi ya mwaka. Nikajiambia wakubwa wanajua, wana wahandisi, wana kompyuta, watakuja. Badala yake mjini ikaja barua. Kampuni ilikuwa na bomba dogo linalofika Bagamoyo, likilisha hoteli chache na kiwanda cha sabuni, na barua iliwaalika wafanyabiashara wengine wajiunge. Gesi ipo, ilisema, na kisima kiko katika hali njema. Nikaisoma mara mbili ukutani pale sokoni.

Wiki hiyohiyo niliitwa Dar kwenye semina ya usalama, nikapita kumsalimia Bwana Shomari. Kwa fahari akanionyesha majalada ya kisima chetu. Fomu ya kila siku ilikuwa na safu za namba pembeni, na safu ya tano, pana kuliko zote: Hali ya kisima kwa jumla. Ilikuwa na nafasi ya neno moja. Nikafunua. Njema. Njema. Njema. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri kweli. Wakubwa hawakuwa wakisoma namba. Walikuwa wakisoma safu ya tano.

"Bwana Shomari," nikasema, "mimi nilikuwa nasema ila."

"Ulisema," akakiri. "Lakini nikikuuliza habari unasema njema. Ningeandika mbaya si ningekuwa nimekusingizia?"

Nilirudi Bagamoyo kwa basi nimeshika kichwa, na kilichonitesa si kampuni. Ni Nassor.

Nassor ni mwoka mikate. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, wamekaa mtaa uleule vizazi vinne, na mkate wao umetulea sote. Nyuma ya duka kulikuwa na tanuri la kuni lililojengwa na babu yake kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lenye kuba ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani. Lilishika ua mzima. Nassor alikuwa amechoka nalo. Majirani walilalamikia moshi kwenye nguo, na kuni za mikoko haziruhusiwi tena kukatwa, kwa hiyo kila gogo lilikuwa na maelezo yake marefu. Alipoisoma ile barua aliona faraja. Ataweka tanuri la gesi. Na kwa kuwa nafasi ni ileile, la babu lazima livunjwe. Waashi walikuwa wamepangwa Jumamosi.

Na kabla hajapanga aliniuliza. Hilo sitalisahau. Nilikuwa nimeshika boflo mbili mkononi, akasema, "Dada Hawa, habari za kisima?" na mimi, ulimi ukiwa mwepesi, nikasema njema. Nyuma yangu kulikuwa na watu, na ile "ila" yangu ikabaki mdomoni. Kwa Nassor hilo lilikuwa neno la mtu wa kisimani mwenyewe.

Basi Jumatano nikaenda kumwambia. Tukasalimiana, tukaulizana wazazi, akaniuliza kisima, nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema njema, tunamshukuru Mungu. Nikanunua mkate, nikaondoka. Nilifika kona nikajitukana.

Alhamisi nikarudi, lakini mama yake, Bi Zuwena, aliniona nikiingia, akaniita ndani. Ni bibi wa miaka themanini na zaidi, na kwake salamu hazikatizwi. Akanipa kahawa na kashata, akaniuliza mmoja mmoja, wa kwetu na wa kwa mume wangu, walio hai na waliotangulia. Alipofika kwa shangazi zangu wa Ubena, adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Nikaaga.

Ijumaa nilikuta biriani. Niseme nini zaidi? Nilikula, tena nikaongeza.

Jumamosi asubuhi nikiwa njiani kwenda kazini nilisikia nyundo tangu mtaa wa pili. Nikatupa baiskeli. Sikupiga hodi. Nilipita dukani, nikapita ukumbini mbele ya Bi Zuwena aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake, nikatoka uani, na hapo nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Nassor, gesi inakwisha. Waambie waache."

Nyundo zikasimama. Mlango wa tanuri ulikuwa umeshabomolewa, na tao la mbele la kuba lilikuwa chini, mawe yametapakaa. Nassor alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Si ulisema njema?"

"Nilisema. Maji yana chumvi. Presha haifiki nusu ya ilivyokuwa. Haimalizi miaka miwili. Ukivunja hili utabaki na bomba tupu."

Mmoja wa waashi akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa jamaa. Nassor naye alianza kutabasamu, akageuka kumtazama mama yake aliyekuwa amejikongoja mpaka mlangoni. Bi Zuwena alikuwa ananitazama mimi.

"Huyu mtoto amelelewa," akasema. "Tangu aolewe mtaa huu hajawahi kunipita bila shikamoo. Leo kanipita. Basi anachosema ni kweli."

Nassor akaacha kutabasamu. Aliniuliza swali moja tu, kwa upole, na ingekuwa afadhali anipige.

"Umejua tangu lini?"

"Zaidi ya mwaka."

"Na kila siku unanunua mkate hapa."

"Kila siku."

Niliona aibu. Nimesema maneno mengi ya mzaha hapa, lakini hili naliandika lilivyo: niliona aibu, na bado ninayo. Nilikuwa nimempa mtu adabu wakati alichohitaji ni habari.

"Aibu atakaa nayo baadaye," Bi Zuwena akakata. "Tao nani atalirudisha?"

Waashi wakatazamana. Walijua tofali za saruji. Kuba la matumbawe hawakuwahi kulijenga, na waliolijua wamekwisha wote. Bi Zuwena akaagiza kiti chake kiletwe uani. Alikuwa bi harusi mpya alipomwona baba mkwe wake akilikarabati, na alikumbuka kila jiwe: lipi lilale, lipi lisimame, chokaa ikae siku ngapi majini kabla ya kuguswa. Waashi waliokuja kuvunja wakageuzwa wa kujenga. Mimi nikapewa karai. "Wewe usiyesalimia," akasema, "leta mawe." Nilibeba mawe siku hiyo mpaka alasiri, na kazini nikaandikiwa utoro, mara ya kwanza na ya mwisho.

Tulipopumzika, Nassor akaketi karibu nami, vumbi mpaka kwenye kope.

"Niambie basi, wewe mtu wa gesi. Kuni za mikoko haziruhusiwi, na nikizikata zitakwisha. Gesi inakwisha. Mafuta ya taa nayo yanatoka ardhini kama hiyo gesi yako. Mimi nioke kwa nini?"

Nilifikiri sana. Nikamwambia sijui. Ni jibu la kweli la kwanza nililompa mwaka ule, na nadhani alilipokea kwa sababu hiyo. Mwishowe jibu lilitoka mitaani: vifuu na makumbi ya nazi, ambayo watu walikuwa wakiyatupa kila siku. Yanawaka vizuri yakikauka, na moshi wake majirani wanausamehe kuliko ule wa kwanza. Lakini yanataka kukusanywa, kukaushwa, kupangwa, na Nassor alikuwa na zaidi ya mwaka wa kujifunza kabla ya shida kufika. Muda huo nusura nimnyime.

Jumatatu nikapiga simu Dar. "Bwana Shomari," nikasema, "kabla ya salamu, andika kwenye safu ya tano: kinakwisha."

Kisha nikasikia kalamu.

"Nimeandika," akasema. "Sasa, asalaam aleikum, Bi Mwanahawa."

Wahandisi walikuja wiki ileile. Wakapima kwa vyombo vyao siku tatu, wakaona nilichokuwa nimeonja kwa kidole. Ile barua ikabanduliwa sokoni. Kisima kiliendelea kukohoa mwaka na miezi kadhaa, siku gesi, siku maji, mpaka asubuhi moja nikagonga kioo, nikasubiri, na mshale haukuwa na la kusema. Nikafunga vali kubwa kwa mikono yangu. Bado kuna gesi chini, wahandisi walisema, ila haina tena nguvu ya kupanda, na kuivuta kungekula zaidi ya kile itakachotoa.

Kesho yake foleni ya mkate kwa Nassor ilifika barabarani, kwa sababu majiko ya hoteli yalikuwa yamelala. Tanuri la babu lilikuwa linaunguruma kwa vifuu. Bi Zuwena alikuwa amewekewa kiti mlangoni, anasalimiwa na kila anayepita, na mimi safari hii nikampa shikamoo yake kamili. Mbele yangu alikuwepo dereva wa bajaji aliyekuwa anawasimulia wenzake kwamba ameibadilisha injini yake itumie gesi, na kwamba hiyo ya kusini, ile ya baharini, ni nyingi hadi wajukuu.

"Eti, mwanangu," Bi Zuwena akaniuliza, "hiyo ya kusini nayo?"

Dereva akageuka. Nilitamani kuwapa kitu cha kuwafurahisha, asubuhi ilikuwa nzuri na mkate ulikuwa moto.

"Ni nyingi, Bibi, nyingi kuliko yetu. Nayo itakwisha. Lini, mimi sijui. Lakini huko kuna mtu anasoma geji kila siku, na yeye atajua kabla ya wote."

Bi Zuwena akatikisa kichwa taratibu.

"Basi mwambie asingoje nyundo."

Nikamwahidi nitamwambia. Mtu huyo ni wewe.